Viatu vya Guruji Vinapita Juba

Juba, 14 Julai 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Natumaini wewe na mwanangu Akon mko salama, na kwamba goti lako limevumilia baridi ya Julai. Mimi sijambo. Nimekonda kidogo, na Apajok akikwambia nimekonda sana usimwamini, unajua anavyopenda kuongeza chumvi. Barua nampa yeye kwa mkono kwa kuwa anakuja Eldoret kununua bidhaa za kibanda chake cha soko la Konyo Konyo. Kwa simu mimi na wewe hatuongei, tunapigiana kelele tu mpaka salio linaisha, na Akon amesimama hapo anasikiliza kila neno.

Mama, juzi kumetokea jambo kazini ambalo mpaka sasa nikilikumbuka mwili unanisisimka. Kulikuja kisanduku cha mbao kutoka India, kikipitia Entebbe. Kwenye karatasi zake kuliandikwa: viatu vya mbao, vilivyotumika, jozi moja. Yule Muganda tunayefanya naye kazi kwenye ghala la mizigo hapa uwanja wa ndege, Owen, alicheka akauliza ni nani huyo analipia ndege viatu ambavyo mtu ameshavivaa. Mimi nikakipima, nikakiweka chini kando ya mzani, nikaendelea na mizigo mingine. Kamba ya buti langu ilikuwa imefunguka. Nikaweka mguu juu ya kile kisanduku, nikainama kuifunga.

Nilipoinua uso nikaona mlangoni wamesimama Wahindi wengi, wazee kwa akina mama, wote miguu mitupu kwenye lami ile inayochoma, wameshika maua. Mbele yao Bwana Hasmukh, yule anayeuza mabomba na rangi na misumari Konyo Konyo. Huyo soko zima linamjua kwa ukali, Apajok mwenyewe hupita mbali na duka lake. Wote walikuwa wanatazama mguu wangu. Mama mmoja alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono. Nikajiambia, basi Nyagai, kazi ndiyo imekwisha.

Bwana Hasmukh akaja polepole. Akapiga magoti pale sakafuni penye vumbi la saruji, akagusa buti langu kwa ncha za vidole, kisha akavipeleka vile vidole kwenye paji la uso wake. Nikasema samahani mzee, samahani, sikujua. Akatikisa kichwa. Akasema, "Mguu yako imefika pahali kichwa yangu inaomba kufika. Samahani ya nini, mama?"

Mama, nilishusha mguu taratibu, kamba bado haijafungwa.

Baadaye ndipo nikaelezwa. Vile viatu vilikuwa vya mwalimu wao wa kiroho, wao humwita Guruji, aliyefariki mwaka jana huko kwao. Kwa imani yao mwalimu wa namna hiyo ndiye anayekushika mkono kukuvusha, na kama hayupo, viatu vyake vinapokewa kama ambavyo angepokewa mwenyewe. Bwana Hasmukh alimwalika Guruji aje Juba mwaka baada ya mwaka. Alimwekea chumba, kitanda, hata shuka zinafuliwa kila wiki. Mzee wa watu hakuja. Sasa vimekuja viatu. Yule afisa wa forodha mrefu, anayetufungulisha hata pakiti za biskuti, alikuwa ameshauliza kwa Kiarabu chake, "De shunu?", kisu mkononi tayari kukata kamba ajue ni nini. Alipoona mzee yuko magotini alirudisha kisu mfukoni akapiga muhuri. Kisanduku kikabebwa kichwani, kikawekwa kiti cha mbele cha gari, na Bwana Hasmukh mwenye gari akakaa nyuma.

Mama, kuna jambo jingine, nimeliweka mwisho kwa sababu naliogopa. Nimepata vyumba viwili mtaa wa New Site, vina mlango wa chuma, kuna kisima, na shule iko karibu. Shule za huko zikifungwa mwezi wa kumi nataka Akon aje akae nami. Ana miaka minane sasa. Naomba unijibu kwa moyo mweupe.

Mwanao,
Nyagai


Eldoret, 24 Julai 2024

Kwako mwanangu Nyagai,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sisi tuko wazima, goti ni lile lile, mvua haiishi na nguo hazikauki. Apajok amefika, amekunywa chai yangu vikombe vitatu, na amesema umekonda. Kula.

Barua yako niliisoma kwanza nikiwa nimesimama, halafu nikaketi nikaisoma tena. Nyagai, mimi nilikulea kanisani tangu mama yako afariki tukiwa wapangaji wa ploti moja hapa Kapsoya. Nilikufundisha kwamba binadamu hasujudiwi, sembuse kiatu chake. Kwa hiyo usije ukaniambia siku moja kwamba na wewe umeanza kubeba maua. Wahindi nawajua, nilifanya kazi dukani kwao kabla hujazaliwa. Ni watu wa kuhesabu. Yule wa kwangu alikuwa akihesabu hata vijiti vya kiberiti.

Lakini sitakudanganya, ile ya mzee kugusa buti lako imenikaa. Nilikuwa nasafisha kanisa Jumamosi, nikajikuta nimesimama na ufagio, najiuliza ni nani hapa Eldoret ningemheshimu kiasi kwamba mtu akikanyaga mzigo wake nimheshimu pia aliyekanyaga. Sikumpata. Hata kasisi wetu, Mungu anisamehe, akikanyagiwa mkoba wake mimi nitamgombeza aliyekanyaga na kazi imeisha.

Akon anaendelea vizuri. Ameng'oka jino la mbele na sasa hataki kucheka mbele ya watu. Nimemnunulia sweta mpya ya kijani, kubwa kidogo, itamfaa hata mwakani. Mwalimu wake amesema ana mkono mzuri wa kuandika. Januari anaingia darasa la nne na nimeshaongea na fundi kuhusu sare.

Hayo ya mwisho wa barua yako sikuyaona vizuri, stima ilikuwa imepotea.

Mamako,
Awino


Juba, 4 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mko salama. Mimi ninakula, nimeongezeka hata mkanda unalalamika.

Stima ikipotea Kapsoya, jua la asubuhi hurudi, na barua inasomeka. Lakini ngoja kwanza nikueleze yaliyotokea, kisha turudi kwenye lile la mwisho.

Bwana Hasmukh alinialika nyumbani kwake ile siku ya mwezi mpevu wa Julai, ambayo kwao ndiyo siku ya kumheshimu mwalimu. Nilisita kwa ajili yako. Nikaenda nikiwa nimejiambia nitakaa mlangoni tu. Mama, wale watu wanaotufokea sokoni mtu akigusa bomba bila kununua, niliwaona wamekaa sakafuni kama watoto wa Sunday School. Viatu vilikuwa juu ya sinia, vya mbao nyeusi, vimechakaa mpaka unaona alama za vidole vya yule mzee vilipokaa kwa miaka. Hakuna ngozi wala kamba, ni kijiti kimoja tu cha kushikwa kati ya kidole gumba na kinachofuata. Wakaviosha kwa maziwa na maji. Wakaimba. Bwana Hasmukh aliimba sauti ikamkatikia, akalia kwa sauti mbele ya wafanyakazi wake wote, na hakuna aliyemwonea haya. Mimi sikusujudu, nakuapia. Lakini nilisimama pale mlangoni na nikaogopa, ule woga wa kanisani wakati taa zimezimwa usiku wa Pasaka na bado mshumaa wa kwanza haujawashwa.

Baada ya kula, na chakula chao ni kizuri ingawa hakina nyama, alinieleza habari zake. Duka lake limeporwa mara mbili katika vita vyetu hivi. Mara ya pili hawakuacha hata meza. Alipiga simu India akimlilia mwalimu wake. Guruji akamwuliza kama wamepora pia jina la Mungu mdomoni mwake. Akasema hapana. Basi, akaambiwa, funga safari kesho, kanunue meza.

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia aondoke Juba. Akacheka. Akasema mwalimu wake hakumfundisha kukimbia vitu, alimfundisha namna ya kuvishika. Kisha akachukua mfano wa kazi yangu, Mama, na ndio ulionigusa. Akasema, "Wewe iko ghala. Mzigo nakuja, wewe naweka vizuri, nafunika mvua isinyeshe. Lakini wewe hapana andika jina yako juu yake. Duka, nyumba, mke, mtoto, yote mzigo ya kupita. Mwenyewe nakuja siku yake." Hata hivi viatu, akasema, havikai nyumba moja kupita mwezi mpevu mmoja hadi mwingine. Ndivyo Guruji alivyoagiza. Vikitoka Juba vinakuja huko huko kwenu Eldoret, kwa mjane mmoja anayeitwa Kokilaben, nyuma ya soko.

Nilirudi New Site kwa boda boda nikiwa nimejaa maneno hayo, na njia nzima nilikuwa nakufikiria wewe.

Mama, umemlea Akon tangu alipokuwa akitambaa, kwa kuwa babake alituacha na mimi ilibidi nije kutafuta kazi. Hakuna siku nasahau. Lakini ulikuwa umenishikia tu. Mimi ndiye mwenye mzigo, na nimekuja kuuchukua. Unashika sana, Mama. Ulinishika mimi pia, mpaka nikaondoka bila kukuaga vizuri. Fikiria maneno ya yule mzee, nadhani yanakuhusu.

Mwanao akupendaye,
Nyagai


Eldoret, 17 Agosti 2024

Nyagai,

Salamu. Tuko wazima.

Nimesoma mpaka mwisho, stima ilikuwepo.

Mzigo hauamki usiku ukikohoa. Mzigo haukuulizi kwa nini wenzake wana mama anayekuja siku ya wazazi. Mzigo haukatai ugali ukakuambia unataka ule ulioungua chini. Nimekuwa na mizigo mingi maishani, nimebeba mahindi, nimebeba mitumba, najua mzigo ni kitu gani.

Na hilo la kwamba ninashika sana. Mtu aliyekuokota ukiwa na miaka tisa, unanuka moshi, hutaki kuachilia upindo wa gauni lake hata akienda msalani, leo unamwambia anashika. Sawa.

Naona somo la Mhindi wako limekufikia nusu. Kama mtu hapaswi kuandika jina lake juu ya mtoto, mbona wewe kalamu umeishika mkononi? Nenda kamwulize hilo, kisha unyamaze kidogo.

Akon hajui kitu juu ya haya. Usimwambie kwa simu.

Mamako


Juba, 22 Septemba 2024

Mama,

Shikamoo. Nimenyamaza kama ulivyoniambia, na kunyamaza kumekuwa kugumu kuliko kubeba saruji. Natumaini mko salama. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilikwenda kumwuliza Bwana Hasmukh lile swali lako. Nilimkuta dukani. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama chini, akasema nirudi siku nyingine, leo ana wateja. Hakukuwa na mteja hata mmoja.

Kumbe mzee alikuwa na lake. Mwezi mpevu wa Agosti ulikuwa umefika, na viatu vilitakiwa viondoke. Siku mbili baadaye alinipigia simu. Aliniomba niandike kwamba ndege imejaa, kwamba hakuna nafasi ya mizigo midogo, ili aipeleke ile karatasi kwa wenzake wa Eldoret. Nafasi ilikuwepo tele. Mama, mimi niliiandika. Niliiandika kwa furaha kabisa, kwa sababu nilijiona nimepata mtu mkubwa anayefanana na mimi. Ikapita wiki, akaomba tena, nikaandika tena.

Lakini nyumbani kwake mambo yalianza kubadilika. Mke wake ndiye aliyeniambia. Mzee aliacha kwenda dukani. Alikuwa anakaa na ufunguo wa kile chumba shingoni. Wenzake wakija kuomba, anawahesabia muda. Mfanyakazi wa miaka mingi alisogeza sinia kidogo ili afagie, mzee akamfukuza nyumbani. Huyo ni mtu aliyepiga magoti kwa ajili ya buti langu.

Wiki hii mwezi ulipojaa tena, asubuhi yake, alikuja ghalani. Alikuja kwa miguu kutoka mjini, hajavaa viatu, kisanduku kiko kichwani mwake kimefungwa kitambaa cha manjano. Nyuma yake alikuwa yule mfanyakazi aliyefukuzwa, naye amebeba mwavuli akimkinga jua. Akakiweka kwenye mzani kwa mikono yake mwenyewe. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama nimwandikie ndege imejaa. Nilimwuliza kwa huruma, Mama, na kwa sababu mimi pia nilitaka asiweze kuviachia.

Akasema, "Hapana. Mimi nimefungia Guru yangu ndani kama ng'ombe. Kumbe mimi hapana penda yeye. Mimi nilipenda Hasmukh mwenye kuwa na yeye."

Nikamwuliza kama sasa haimuumi. Nilidhani atanipa lile jibu la mtu aliyefika, aliyevuka. Akanitazama macho yamejaa machozi. Akasema inauma kama kukatwa mkono, na Guruji hakuwahi kumwahidi kwamba haitauma.

Kisha akaomba ruhusa akipeleke mwenyewe mpaka kwenye ndege. Hairuhusiwi, unajua. Yule afisa wa forodha alimvalisha koti la njano la kazi na akaenda naye bega kwa bega. Kufikia hapo ilikuwa mchana, lami inaacha malengelenge hata kwenye soli ya buti. Mzee alitembea polepole kana kwamba yuko kwenye majani yenye umande. Owen, ambaye hucheka kila kitu, alivua kofia. Mlango wa mizigo ulipofungwa, Bwana Hasmukh aliinama akagusa lami pale kisanduku kilipopita, akapeleka mkono kwenye paji la uso, halafu akarudi akaniuliza kama nina maji ya kunywa. Akanywa, akashukuru, akaenda kufungua duka.

Sijawahi kuona mtu akiwa mkubwa namna ile, na alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele akinywa maji, nyayo zimeungua.

Mama, nilitaka Akon kwa sababu nampenda, hilo lipo. Lakini pia nilitaka majirani wa New Site wanione namshika mkono kwenda shule, waache kuniuliza kama nina mtoto. Nilitaka kuwa Nyagai mwenye Akon. Na nilichukua maneno matakatifu ya watu nikakupiga nayo wewe uliyenilea. Nisamehe.

Akon akae kwako. Simwiti tena. Nitamlipia sare ya darasa la nne na nitakuja Krismasi nimwone, kama utanikaribisha. Inaniuma, siwezi kukuficha, ninaandika na karatasi inalowa.

Viatu viko kwa yule mjane Kokilaben sasa. Wanakaribisha mtu yeyote. Sikuombi uende, nakwambia tu viko hapo karibu nawe.

Mwanao,
Nyagai


Eldoret, 3 Novemba 2024

Mwanangu Nyagai,

Bwana asifiwe. Mimi ni mzima, goti limenisumbua na nitakueleza kwa nini. Mvua zimepungua. Mahindi yamevunwa. Nimechelewa kukujibu, na si kwa hasira peke yake. Sikuwa najua la kuandika, na mimi unanijua, nikikosa la kusema huwa nasafisha nyumba. Sasa hivi hapa kwangu ungeweza kulamba sakafu.

Barua yako ilipofika nilikasirika mara ya pili. Nilijiambia, sasa huyu anataka nimwonee huruma. Nikaiweka ndani ya Biblia. Kila nikifungua Biblia naikuta. Mwisho nikasema, hebu niende nikavione hivyo viatu vinavyonivurugia mtoto, nikaviambie ukweli wao. Nilivaa gauni langu la Mothers' Union na kitambaa kichwani, ili wajue ni nani ameingia. Nikamchukua Akon, maana sina wa kumwachia.

Kokilaben ni mzee kuliko mimi, mfupi, macho yake yana mtoto wa jicho, na anaishi peke yake katika vyumba viwili nyuma ya duka lililofungwa. Nilitarajia dhahabu na vinubi. Kuna meza ya plastiki iliyofunikwa shuka nyeupe. Hakuniuliza mimi ni dini gani. Aliniambia kwa Kiswahili safi kuliko cha Mhindi wako, "Karibu, mama, ingia, viatu waweza kuacha hapo." Nikaviacha. Nyagai, niliviacha kabla sijajua kuwa nimeviacha, na mimi nilikuwa nimepanga kuingia navyo.

Nikaviona. Ni mbao tu. Nilijiambia hivyo, Awino, ni mbao. Lakini ile alama ya vidole uliyoniandikia, nilipoiona, nilikaa chini. Sikusujudu. Nilikaa. Nilikuwa nawaza mtu anaweza kutembea kwa upole kiasi gani mpaka mbao imjue. Akon alikaa karibu nami kimya, na wewe humjui, yule hawezi kukaa kimya hata akiwa na homa. Tulikaa mpaka yule mama akawasha taa yake ndogo ya mafuta na kuimba kwa sauti inayotetemeka, na mimi chini kwa chini nikaimba wimbo wangu wa kanisa, na nyimbo hizo mbili hazikugombana. Goti ndipo lilipoharibika, kwa kukaa sakafuni.

Nilimwuliza vitakaa mpaka lini. Akasema keshokutwa mwezi unajaa, vinakwenda Kisumu. Alimngoja Guruji tangu akiwa bibi arusi, hakumwona hata siku moja, na mwaka ujao yeye mwenyewe huenda asiwepo. Nikamwuliza, "Na wewe utabaki na nini?"

Akasema, "Nitabaki na nyumba ambayo alipita."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshika mkono wa Akon, na nilikuwa naushika kwa nguvu mpaka akaniambia namwumiza. Nikaulegeza. Hakuuondoa. Tukaenda hivyo hivyo mpaka Kapsoya, mkono wangu umeushika wake kama mtu anavyoshika yai, na njia nzima nilikuwa nalia na kumwambia ni vumbi.

Wewe uliniandikia kwamba umeacha. Ulipoacha ndipo na mimi nikaweza kuachia. Ungeendelea kuvuta, ningevuta mpaka tufe wote wawili na mtoto katikati.

Sasa nisikilize vizuri. Akon hali ugali bila kitu cha maji, hata maziwa yakiwa ya jana. Usiku hulala akiwa ametoa mguu mmoja nje ya blanketi, usiufunike, ataamka. Akinyamaza ghafla ujue amefanya kosa, usimfokee, kaa karibu naye atasema mwenyewe. Radi anaiogopa, mwambie ni Mungu anasogeza meza. Akikwambia anajua kusuka nywele zake mwenyewe, ni mwongo. Jumapili apelekwe kanisani, hilo silijadili. Na kama Bwana Hasmukh atamwalika akaone watu wanavyoimba, mwache aende, na avue viatu.

Jambo moja limenishinda kuliko yote. Amekuwa akiniita Mama, na wewe anakuita Nyagai wa Juba. Wiki mbili hizi nimemfundisha upya. Akiniita Mama siitiki. Nilikuwa naosha vyombo, anaita, Mama, Mama, na mimi nimeuma midomo, maji yanamwagika. Alinikasirikia siku kadhaa. Alhamisi alikuja mlangoni akasema, kwa sauti ndogo, Nyanya. Nikaitika. Halafu nikaenda nje nikashika ukuta.

Kesho akipanda basi na Apajok, mimi stendi sitakwenda. Nikienda, nitapanda nami.

Nimemwagiza Apajok akuletee kwanza karatasi hii peke yake na akungoje usome hadi mwisho, ili ujue unapokea nini kabla hujapokea. Mtoto atakuwa anakungoja kwenye kioski cha hapo ng'ambo ya barabara yenu. Amevaa ile sweta ya kijani, amekataa kabisa kuivua, na najua joto la huko. Atakuwa amechoka, na ana jino jipya mbele.

Nyagai, umesoma vya kutosha. Kunja karatasi utoke nje.

Nyanyake Akon,
Awino